Nilivyotumwa Marseille Kumtazama Mchumba wa Odile

Tangu nirudi, sijauza samaki kwa amani hata siku moja. Mteja anashika ndakala, bado hajauliza bei, ameshauliza Ulaya. Na kila mmoja alipata kipande chake tu. Akina mama wa kwaya walipata habari za ndege, Mama Numbi wa meza ya jirani alipata bahari, na watu wa mtaani kwangu wamesikia tu kwamba nilimpiga Mzungu teke. Hilo la teke ni kweli, lakini mambo hayakuanzia hapo. Basi nimekaa, nimeandika yote kituo kwa kituo. Anayetaka kujua asome, na mimi niachwe nifanye kazi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Odile, mjane wa mtu wa reli, muuza samaki wakavu hapa Kamina. Odile ni binti yangu wa pekee. Alikwenda Ufaransa kusomea uuguzi, akapata kazi Marseille, kisha akapata na mwanaume. Jina lake Rémi, fundi wa lifti. Hapa Kamina sijui lifti hata moja, kwa hiyo nilielewa mapema kwamba kijana huyo hatakuja kuishi kwetu. Shemeji yangu Papa Ilunga, mkubwa wa ukoo tangu mume wangu atutoke, ndiye aliyenituma. Maneno yake yalikuwa machache: "Uende umuangalie muzuri. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Uangalie tu, sisi njo tutasema."

Nikamjibu sawa, lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri, nalo lilikuwa hapana. Niliogopa. Niliona kwamba nikimtoa Odile kwa mtu wa huko, basi nimemtoa kabisa, na wajukuu wangu watakuwa picha ndani ya simu. Hilo ndilo nililobeba safari nzima, zito kuliko sanduku.

Habari za pasipoti na tiketi nazikata, hazina utamu.

Kamina hadi Luena

Treni ilituchukua vizuri mwanzoni. Tulipita Kabondo-Dianda, kule nilikozaliwa, na wanawake wakakimbilia madirishani na mabeseni ya samaki wabichi. Nilitazama kila beseni kwa jicho la biashara, nikawakataa samaki wote, halafu nikajisikia vibaya kwa sababu mmoja wa wale wanawake alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa kama changu.

Luena tukasimama. Mtu wa reli alikuja kusema tunangoja treni ya mizigo ipite. Tukaingoja hiyo mizigo hadi abiria wakatandika mikeka kando ya reli, wengine wakawasha moto wa kupikia. Aliyekaa mbele yangu alikuwa Papa Saleh, mfanyabiashara wa vikwembe, yaani vitenge vya kujifunga, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema zamani sana. Mkewe alikuwa amempakia wali na kuku. Mimi nilikuwa na bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Tukabadilishana bila kuambizana, na kila mmoja akaona amemla mwenzake faida.

Nikamweleza safari yangu. Nilipofika mahali ambapo Odile amepanga kutupeleka matembezi ya mashua, mashua ndogo ya watu wachache ambao wanaingia majini na maski usoni kuangalia samaki, Papa Saleh akaacha kutafuna.

"Na ule kijana ataingia naye mu maji, Mama Odile?" akauliza. "Na weye uko pale?"

Nilikuwa sijafikiria jambo hilo. Kwa msomaji ambaye si Muluba kama mimi, nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawaitani majina, na mmoja hamwoni mwenzake akiwa hana nguo za heshima. Wakikutana njiani, mama anavuta kitambaa kichwani na kugeuka, mkwe naye anapita pembeni. Hawachukiani. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote tunazojua kupeana.

Nilimjibu Papa Saleh bila wasiwasi. Huyo bado si mkwe, nikasema, ni mtu tu ambaye nimetumwa kumtazama, na mtu tu namtazama hata kama amevaa kaptula. Akasema, "Muzuri," lakini aliisema kama mtu anayekuacha upite njia ambayo yeye anajua ina matope.

Lubumbashi, halafu angani

Katika ndege nilikaa karibu na Mchina anayefanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi. Nilijiandaa kumsemesha kwa ishara za mikono. Yeye akaniangalia ninavyohangaika na mkanda wa kiti, akasema, "Mama, leta, minyi nitakufungia." Kiswahili chetu chenyewe, cha Katanga, na kimenyooka kuliko cha mpwa wangu aliyesoma Kinshasa. Alinisimulia watoto wake ambao hajawaona muda mrefu. Mimi nikamsimulia wangu. Chakula kilipokuja alinionyesha kipi ni siagi na kipi ni jibini, na vyote viwili havikuwa na ladha yoyote.

Tulibadilisha ndege katika mji ambao sikuuona zaidi ya sakafu yake inayong'aa. Ya pili ilichelewa, wakatugawia mkate wa baridi, na Mchina wangu akaenda upande wake. Nilisikitika kama tumekulia mtaa mmoja.

Marseille, kabla ya mashua

Odile alinipokea peke yake. Tulilia pale pale watu wakitupita na masanduku yao. Amenenepa kidogo, na hilo lilinikasirisha, maana nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda.

Rémi hakuonekana siku za mwanzo, lifti zilikuwa zinamwita kila mahali. Lakini alikuwepo bila kuwepo. Mkate wa moto ulifika mlangoni asubuhi. Mlango wa kabati uliokuwa unalia haukulia tena. Odile alinipeleka soko moja la katikati ya mji, linaitwa Noailles, na huko nikakuta sombe, nikakuta mihogo, nikakuta hata ndakala. Nilimwambia muuzaji wazi kwamba samaki wake walikaushwa kwa haraka na wataoza tumboni mwa mtu. Odile alinivuta mkono. Tukanunua hivyo hivyo, nikawachagua mmoja mmoja.

Jioni, tukichambua samaki, akanieleza kwa nini alichagua mashua. Katika nyumba mtu anaweza kuzunguka, akaingia jikoni, akatoka nje. Kwenye mashua nitakuwa na Rémi mbele ya macho siku nzima, nimtazame ninavyotaka, kama Papa Ilunga alivyoagiza. Niliona mtoto wangu ana akili, na niliona pia anaogopa. Samaki niliyekwisha kumchambua mimi, yeye alimchambua tena.

Kutoka bandarini hadi ghuba ya kwanza

Asubuhi hiyo nilivaa libaya langu la kijani, blauzi ya kushonesha, na kikwembe chake. Chakula nilipika mwenyewe, nikakifunga katika sufuria: bukari, sombe, na ndakala za nyanya. Kapiteni alikuwa mwanamke, Madame Mireille, amekauka kwa jua na sauti yake inasikika ng'ambo ya bandari. Tulikuwa kikundi kidogo. Waliokaa karibu nami ni mzee mmoja Mbelgiji, Monsieur Luc, na mke wake, halafu vijana wachache wasiozungumza na mtu.

Rémi alikuja mwisho, anakimbia. Nilimwona kwa mbali: mrefu, kaptula fupi, shati halijafungwa hata kifungo kimoja. Hapo ndipo nilipotakiwa kumtazama. Badala yake mikono yangu ilivuta kikwembe hadi kichwani, nikageukia nguzo ya kufungia kamba za mashua, nikaanza kusoma maandishi yake kama ni barua ya askofu. Akasalimu, "Bonjour, Mama," nyuma yangu. Nikaijibu nguzo, "Bonjour."

Nilijiambia ni lile shati. Akilifunga, nitageuka.

Nikachagua kukaa nyuma kabisa, uso kwenye bahari. Yeye akapelekwa mbele. Tukatoka, na ukuta wa mawe meupe ukaanza upande wetu wa kushoto, mrefu, hauna mti wa maana, umekatika hapa na pale kuruhusu maji kuingia. Hizo sehemu maji yanapoingia ndizo ghuba zenyewe, na maji yake yana rangi ambayo nimeiona kwenye vikwembe tu. Monsieur Luc akaniuliza ninatoka wapi. Niliposema Kamina, akauliza kama ni ile Kamina ya kambi ya jeshi. Nikamwambia kambi ni ya wanajeshi, Kamina ni yetu. Akacheka, mkewe akacheka zaidi, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Katika ghuba ya kwanza tulifunga mashua, wakavaa, yaani wakavua. Monsieur Luc alibaki na kipande cha nguo ambacho kwetu hakitoshi kufungia mkate. Kamba ya maski yake ilimshinda, nikamfungia mimi. Madame Mireille alinipa nguo ya mpira, na kuniingiza ndani yake ilikuwa kazi ya wanawake wote wa mashua. Juu yake nikafunga kikwembe. Kapiteni akasema kikwembe cha nini majini. Nikamwambia mimi nilizaliwa kando ya Lualaba, nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na kwetu anayeogelea anaangalia mamba. Nikauliza kama hapa kuna mamba. Akasema hakuna. Basi, nikamwambia, wewe nionyeshe tu mrija wa kupumulia, mengine niachie.

Nilituma neno kupitia Odile: Rémi aingie upande wa pili wa mashua, na abaki huko. Odile alinitazama kidogo, akaenda kumwambia.

Nikajiachia, mdomo wazi, kama ninavyofanya mtoni. Chumvi ilinipiga hadi masikioni. Mtu anaweza kuambiwa maisha yake yote kwamba bahari ina chumvi na bado asijue. Nilikohoa, nikatukana kidogo kwa Kiluba, nikauma ule mrija sawasawa, nikaingiza uso.

Sitaweza kuwaelezea vizuri. Nimeuza samaki maisha yangu yote, na nimewajua wakiwa wamekufa. Nawajua walivyokauka, walivyojikunja, macho yamezama. Pale nikawakuta nyumbani kwao. Kulikuwa na kundi lenye mistari ya dhahabu, vichwa chini, wanakula majani taratibu kama ng'ombe. Kulikuwa na mdogo mmoja mwekundu na kijani, amejipamba kuliko bibi harusi, akaja kuniangalia hadi kwenye kioo cha maski, akaona sina maana, akaondoka. Hakuna aliyenikimbia. Nilishangaa hadi nikasahau nilichokuja kufanya huko Ulaya. Nilipotoka nikamuuliza kapiteni yule wa dhahabu anauzwaje. Akaniambia katika maji haya uvuvi umekatazwa. Nikasema vizuri sana, ingawa moyo wa biashara uliuma.

Ghuba ya pili

Hapa ndipo teke lilipotokea.

Nilikuwa nimeshazoea, najitandaza juu ya maji kama mwenye mali. Nilimwona pweza akibadilisha rangi juu ya jiwe, nikamfuata, na sikuhisi kikwembe kikilegea. Kikafunguka chote, kikaelea, kikaanza safari yake. Kumbe Rémi alikiona kutoka upande wake. Akaogelea haraka, akakidaka, akakileta. Mimi nainua uso, naona mtu huyo mbele yangu, kifua wazi, maski usoni, anatabasamu, ameshika nguo yangu mkononi, na mimi nimebaki na ile nguo ya mpira iliyonibana kila kitu nilicho nacho.

Nilipiga kelele. Niliingiza kichwa majini kujificha, na mguu, ule wenye kiatu cha mpira cha kuogelea, kirefu kama pezi la samaki, ukamkuta tumboni. Nilipoinua tena kichwa, kikwembe kilikuwa kinaelea karibu yangu, na yeye alikuwa anapanda mashua.

Alikaa mbele, akajikausha, na akabaki huko huko hadi ghuba ya tatu.

Ghuba ya tatu, wakati wa kula

Ghuba hii ilikuwa na ufuko mdogo wa kokoto na njia ya miguu inayopanda mlimani kurudi barabarani. Mimi nilikuwa nimevaa tena libaya, nafungua sufuria. Nikasikia Rémi akiongea taratibu na Odile, halafu na kapiteni. Halafu nikasikia mtu akiingia majini. Odile akaja nyuma kwangu, uso umelowa, na maji hayo hayakuwa ya bahari.

Akaniambia Rémi ameomba ashuke, arudi kwa miguu. Kasema alitaka anipendeze tangu siku niliyofika, na mimi sikumpa hata jicho. Kasema yeye hawezi kumtenga mtoto na mama yake. Kama mama hamtaki, atajiondoa, Odile asije akajuta baadaye.

Nilipaswa kufurahi. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, sikusema ndiyo wala hapana, na mtoto angebaki wangu. Nikamwambia Odile amwache aende. Nikamuuliza pia kwa nini hakumfundisha kijana wake heshima ya mama mkwe.

Odile akajifuta. Tunaelewana vizuri, mimi na yeye, na anapokasirika anatulia kama baba yake.

"Sikumuambia juu weye haukukuwa bado kumukubali," akasema. "Angalia, Mama. Ule muzee Mubelge iko karibu buchi, na weye unamufunga kamba ya maski. Bale bavijana unabaangalia, unacheka. Ni Rémi peke yake njo unamupa mugongo, tangu asubui. Mugongo ni ya nani kwetu? Ulisha kumuita mukwe. Ni kinywa tu njo kinabakia."

Nilikoroga sombe na kijiko cha mbao, ingawa ilikuwa imeshaiva tangu nyumbani. Nilitafuta kosa katika maneno yake, na mimi si mtu wa kukosa kosa, lakini halikuwepo. Nilitumwa kumwangalia mtu. Mtu huyo angekuwa mtu tu, ningemkagua kichwa hadi miguu kama beseni la samaki. Mwili wangu ulishamweka mahali pake tangu asubuhi, pale kwenye nguzo, bila kuniuliza mimi wala Papa Ilunga. Labda ilikuwa ile mikate ya asubuhi. Labda ni lile kabati. Sijui, na sikuwa na muda wa kujua, maana kijana alikuwa ameketi kwenye kokoto anavaa viatu.

"Muite," nikamwambia Odile. "Muambie akuye kula. Muambie ni mama mukwe wake njo anamuita."

Odile akasimama ukingoni mwa mashua akapaza sauti. Madame Mireille, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa jambo, akapiga honi ndefu. Sikugeuka. Nilisikia maji yakipigwa, nikasikia mashua ikiinama alipopanda, na Odile akimweleza kwa Kifaransa, muda mrefu, yule Mbelgiji akichangia mambo ambayo hayakumhusu. Kisha nikasikia ubao wa mbele ukilia, na mke wa Monsieur Luc akacheka peke yake. Rémi naye alikuwa amegeuka, amenipa mgongo.

Nikapakua sahani yake ya kwanza. Mkwe anapewa sehemu ya kwanza, na anakula peke yake. Nikaifunika na sahani nyingine, Odile akaipeleka. Rémi hakupewa uma, na hakuomba. Ilirudi tupu, hata miiba ya ndakala haikuwepo, jambo lililonitia wasiwasi kidogo kuhusu koo lake.

Kurudi

Tulirudi kwa upepo wa usoni, mimi nyuma, yeye mbele, Odile akitembea katikati na maneno yetu. Wale vijana wasiozungumza walikuwa sasa wanauliza maswali. Karibu na bandari Odile alikuja na swali kutoka mbele.

"Anauliza, mutabakia hivi mpaka lini?"

Kwetu jambo hili lina mwisho. Mkwe analeta mbuzi nyumbani kwa mama mkwe, mbuzi anachinjwa, wanakula pamoja, na kuanzia siku hiyo wanaweza kutazamana na kusalimiana kama watu. Siku hizi wengi wanatuma tu. Ndugu anasimama mahali pa mkwe, mbuzi anafika, mambo yamekwisha, na mkwe mwenyewe yuko Lubumbashi au Lusaka. Nilijua kwamba nikisema neno moja pale, Papa Ilunga angeweza kununua mbuzi kesho yake na ningemtazama Rémi siku hiyo hiyo kwenye simu.

"Mpaka alete mbuzi," nikasema. "Kamina, mu lupango ya nyumba yangu, na mikono yake mwenyewe. Ya kutuma, minyi siitaki. Na asikuye peke yake."

Odile hakwenda mara moja. Alinikumbatia kwa nyuma, kidevu chake begani kwangu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa natwanga. Nilimwambia asinilize mbele ya Wabelgiji. Ndipo akaenda. Jibu halikuchelewa. Rémi hakuuliza ni mbali kiasi gani, wala safari ikoje. Aliuliza kama mbuzi awe dume au jike.

Nilipofika Kamina, Papa Ilunga alinikasirikia, nasema ukweli. Aliniagiza nisiseme ndiyo wala hapana. Nilimweleza kwamba sikusema lolote, niligeuka tu. Akalizungusha jambo hilo kichwani, na tangu hapo ananiuliza kama chumba cha nyuma kinavuja. Wanakuja kiangazi, wote wawili. Na nyinyi mnaonisimamisha sokoni kuniuliza sura yake ikoje, mtaiona siku ile ile nitakayoiona mimi.